Marhamu ya vimeng'enya au papai bichi kwenye kidonda cha kisukari?

Swali: Mama yangu ana miaka 63 na ameishi na kisukari kwa muda mrefu. Ana kidonda kwenye kisigino cha kulia kilichoanza pale alipochubuliwa na kiatu. Katikati pana gamba jeusi gumu, na pembeni kuna utando wa njano unaonata. Nesi wa zahanati anakisafisha kila siku kwa iodini. Daktari wa hospitali ya wilaya aliandika marhamu ya kolajenesi, akasema ina vimeng'enya vitakavyoyeyusha nyama iliyokufa, lakini duka la dawa linasema mpaka iagizwe na bei yake ni kubwa. Shangazi anashauri tupake papai bichi lililopondwa, kwa kuwa ndilo linalolainisha nyama ya mishikaki, na yeye ameshuhudia likisafisha vidonda vya moto. Je, papai na marhamu hiyo ni kitu kimoja? Na tukiipata dawa, mama ataepuka kukwanguliwa kwa kisu?

Jibu: Ndugu msomaji, mpe mama pole zangu, na mwambie shangazi kwamba hoja yake si ya kupuuzwa, ingawa sitaiunga mkono. Kwa ufupi, papai bichi na marhamu ya kolajenesi si kitu kimoja, na kuipata marhamu hiyo si hakikisho kwamba mama ataepuka kisu. Hata hivyo, katika maelezo yako yamo mambo mawili ambayo hukuyauliza, na ambayo kwangu yana uzito kuliko bei ya dawa na kuliko papai. Gamba jeusi liko kisiginini kwa mtu mwenye kisukari, na kidonda hicho kinasafishwa kila siku kwa iodini. Jambo la kwanza laweza kuifanya dawa imdhuru mama, na la pili laweza kuifanya isifanye kazi yoyote.

Nianze na gamba. Mguu wa mtu mwenye kisukari hupata vidonda kwa sababu mbili ambazo mara nyingi huandamana: neva zimepoteza hisia, hivyo kiatu kinamchubua asijue, na mishipa ya damu imekuwa myembamba kiasi kwamba damu inayofika haitoshi kujenga nyama mpya. Kabla ya mtu yeyote kuligusa gamba hilo, awe na kisu, na marhamu au na papai, ni lazima ijulikane kama damu inafika kwenye unyayo. Mwombe daktari apapase mapigo mahali pawili, yaani juu ya mguu, kwenye mstari unaoshuka kati ya kidole gumba na kidole cha pili, na nyuma ya kifundo kwa upande wa ndani. Mapigo yakisikika vizuri pote pawili ni dalili njema, ingawa hayamalizi shauri. Yasiposikika, mama anahitaji kipimo cha Doppler, yaani kifaa kinachosikiliza mtiririko wa damu kwa mawimbi ya sauti, na pengine kuonwa na daktari wa mishipa ya damu, kabla ya kupakwa dawa yoyote ya kuyeyusha. Kile kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na presha ya mkono hudanganya kwa baadhi ya watu wenye kisukari cha muda mrefu, kwa sababu kuta za mishipa yao hukakamaa kwa kujaa chokaa, mkanda wa kipimo ukashindwa kuibana, na matokeo yakaonyesha presha nzuri mahali ambapo damu ni haba. Ndiyo maana hospitali zenye vifaa hupima presha ya kidole gumba cha mguu, ambacho mishipa yake hukakamaa kwa nadra zaidi.

Gamba likiwa kavu na gumu, limeshikamana na ngozi kwenye kingo zote, halitoi maji wala usaha, halibonyei likiguswa, na ngozi ya pembeni haina wekundu wala joto, na ikiwa damu ya mguu huo ni haba, basi huachwa lilivyo. Hulindwa likae kavu, na kisigino kikaondolewa uzito. Ukiliyeyusha gamba la namna hiyo unabaki na kidonda kibichi mahali pasipo na damu ya kukiponya, nao mfupa wa kisigino uko karibu sana chini yake. Kwa upande wa mama, ule utando wa njano unaonata unanionyesha kwamba si sehemu yote iliyo kavu, kwa hiyo huenda kidonda chake hakimo kabisa katika kundi hilo la kuachwa. Hilo siwezi kuliamua kwa maandishi. Linahitaji vidole na macho ya mtu aliye mbele ya mguu wenyewe.

Tuchukulie sasa kwamba damu inafika. Kwa nini tujisumbue kuondoa nyama iliyokufa, badala ya kuuachia mwili wenyewe? Nyama hiyo ni chakula na maficho ya bakteria. Inaficha kina cha kidonda, ukadhani ni cha juujuu kumbe kimefika kwenye mfupa. Na maadamu ipo, mwili unaendelea kupigana nayo badala ya kuanza kujenga. Mwili unavyo vimeng'enya vyake vya kusafisha, vinavyotolewa hasa na chembe nyeupe za damu, na kwa mtu mwenye afya njema vidonda vidogo hujisafisha hivyo bila sisi kufanya lolote. Kwa mgonjwa wa kisukari kazi hiyo huzorota, na nyuzi za kolajeni, ambayo ndiyo protini kuu ya ngozi, hubaki zimeing'ang'aniza nyama iliyokufa kwenye sakafu ya kidonda. Ule utando wa njano ambao nesi anaufuta kwa shashi, ukabanduka kidogo kisha ukagoma, unagoma kwa sababu ya nyuzi hizo.

Hapo ndipo kolajenesi inapoingia. Kimeng'enya hiki kinatokana na bakteria aitwaye Clostridium histolyticum, wa jamii moja na bakteria wanaosababisha donda-ndugu la gesi, na mwanasayansi Ines Mandl pamoja na wenzake, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, walichapisha kazi yao ya kukitenga mwaka 1953. Nyumbani msiogope asili yake, kwani ndani ya tyubu hamna bakteria hai, kuna protini waliyoizalisha, ikiwa imechujwa na kuchanganywa na mafuta mazito. Uzi wa kolajeni umesokotwa kwa nyuzi tatu, na usokotaji huo ndio unaoufanya uwe mgumu kukatwa. Kolajenesi ya mwili wa binadamu huukata mahali pamoja tu na kuacha vipande viwili, robo na robo tatu, ilhali ya bakteria huyu huukata mahali pengi na kuusaga hadi vipande vidogo. Nyuzi zinazoshikilia uchafu zikishakatika, nyama iliyokufa huachia yenyewe na kutoka wakati wa kuosha. Utaona tangu hapo kwamba dawa hii haifanyi kila kitu: haiyeyushi mafuta, haiyeyushi utando mgumu wa juu wa ngozi, na haiui bakteria. Wala haijengi nyama mpya, jambo ambalo familia nyingi hulitarajia kutoka kwayo, kisha zikalalamika kwamba dawa ni ghali na kidonda kiko palepale.

Narudi kwenye iodini. Kolajenesi hii haifanyi kazi bila madini mawili: zinki, ambayo imo katikati ya sehemu inayokata, na kalsiamu, ambayo huishikilia protini isipoteze umbo lake. Chochote kinachoyanyang'anya madini hayo au kuliharibu umbo hilo kinaizima dawa. Iodini inaipunguzia nguvu. Madini ya fedha yanaizima, na kwetu fedha hiyo hupatikana kwenye krimu nyeupe ya silva salfadayazini wanayopakwa watu walioungua, na pia kwenye baadhi ya bendeji za kisasa za bei kubwa. Sabuni kali na dawa kadhaa za kuua vijidudu zinaidhoofisha. Tetrasaiklini nayo imo kwenye orodha, na hii naitaja kwa msisitizo, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi marhamu ya macho ya tetrasaiklini hupakwa kidonda chochote kile, na wengine hufungua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Dawa hiyo hushika madini, na ikikaa pamoja na kolajenesi kwenye kidonda kimoja, mtakuwa mmelipia tyubu ya bei kubwa na kupata mafuta matupu. Kwa hiyo daktari na nesi wa mama wanapaswa kukubaliana jambo moja. Ama kidonda kinahitaji dawa ya kuua vijidudu kwa sasa, na kolajenesi ikasubiri, ama kinahitaji kolajenesi, na iodini ikasimamishwa, kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali kwa kurudiarudia mpaka rangi ya iodini iondoke yote.

Upakaji wenyewe ni kazi ya kila siku na hauna miujiza. Nesi anaosha kidonda kwa maji ya chumvi, anafuta polepole kilichoachia bila kulazimisha kilichoshika, kisha anapaka marhamu kwa unene wa kama milimita 2, akigusa kila kona ya nyama iliyokufa na kuiacha ngozi nzima ya pembeni. Ngozi hiyo ya pembeni hupakwa vaselini au marhamu ya zinki, kwa sababu kolajenesi ikimwagikia huko huleta wekundu. Juu ya dawa huwekwa shashi iliyoloweshwa kidogo kwa maji ya chumvi, na juu yake shashi kavu na bendeji isiyobana. Unyevu ni wa lazima, kwa kuwa kimeng'enya hakifanyi kazi pakavu. Gamba jeusi gumu halipitishi dawa hata ukiipaka mara 3 kwa siku. Mtaalamu hulichanja kwanza kwa kisu cha upasuaji, mistari ya kukatizana kama viboksi vya daftari la hesabu, bila kufika kwenye nyama hai, ili dawa ipate pa kuingilia. Kwa hiyo, hata anayetumia vimeng'enya, kisu hakimpiti mbali. Tyubu ihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi joto 25, sharti ambalo kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Februari si dogo. Isiachwe dirishani, ndani ya gari wala kwenye kabati lililo chini ya bati.

Sasa papai. Shangazi ana ukweli mkononi. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, na wasomaji wetu wa Beni, Kivu Kaskazini nchini Kongo, wanaufahamu utomvu huo vizuri: matunda mabichi huchanjwa yakiwa mtini, utomvu hukusanywa, hukaushwa na kuuzwa viwandani nje ya nchi. Matumizi ya papai kwenye vidonda nayo si ya majirani pekee. Madaktari wa Hospitali ya Royal Victoria mjini Banjul, Gambia, waliripoti mwaka 1999 kwamba wodi yao ya watoto walioungua ilikuwa ikipaka papai lililopondwa kila siku kwenye vidonda vya kina na vyenye maambukizi, na mwaka 2000 wauguzi wa Jamaika walieleza jinsi papai bichi linavyotumika kwenye vidonda sugu vya ngozi hospitalini kwao. Katika taarifa hiyo ya Jamaika, baadhi ya wagonjwa walilalamika kuhisi kuchomwa, na utayarishaji wenyewe ulitofautiana. Siwezi basi kusema kwamba papai halifanyi kitu.

Ninachosema ni kwamba linalofanya ni tofauti na kolajenesi, na kwamba mguu wa mama si mahali pa kulijaribia. Papaini hukata protini za aina nyingi bila kuchagua sana, lakini kolajeni nzima, zile nyuzi zinazoshikilia uchafu, haiziwezi sawasawa. Hata viwanda vilivyotengeneza marhamu ya papaini viliona kwamba ikiwa peke yake kwenye kidonda ni dhaifu, ndiyo maana vikaichanganya na urea, ambayo hulegeza protini za nyama iliyokufa ili zikatike kwa urahisi. Ndani ya bakuli la mishikaki kuna nyama iliyokatwa vipande, chumvi, muda wa kutosha, na mwishoni moto. Kwenye kisigino hayo hayapo. Kisha kuna suala la kipimo: papai bichi lililochumwa leo lina utomvu mwingi, la juzi lina mchache, lililoanza kuiva lina mchache zaidi, na hakuna jikoni linaloweza kupima tofauti hiyo wala kulitakasa tunda lililomenywa kwa kisu cha vitunguu.

Mzio nao ni wa kweli. Mwezi Septemba 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru marhamu za papaini ziondolewe sokoni, baada ya kupokea taarifa za wagonjwa waliopata mzio mkali, presha kushuka na moyo kwenda mbio, na kwa kuwa bidhaa hizo zilikuwa zikiuzwa bila kuidhinishwa rasmi. Mtu anayewashwa na glovu za mpira, au anayevimba midomo akila ndizi au parachichi, yuko katika hatari zaidi, kwa sababu protini za utomvu wa mpira na za matunda hayo zinafanana machoni pa kinga ya mwili.

Hoja inayonishawishi kuliko zote, hata hivyo, haihusu papai lenyewe bali inahusu kisukari. Wagonjwa wa Jamaika waliohisi kuchomwa walisema, na wauguzi wakajua. Mama akiwa amepoteza hisia kwenye unyayo, utomvu unaweza kumla ngozi nzima ya pembeni usiku kucha naye akalala fofofo. Kile ambacho kwa mtoto aliyeungua kingekuwa kilio na onyo, kwake kitaonekana asubuhi bendeji ikifunguliwa. Ndiyo maana hata shangazi akileta ushahidi wa vidonda vya moto alivyoviona vikisafishika, na sina sababu ya kuukanusha, ushahidi huo hauhamishiki kwenye mguu huu.

Huenda pia mkasikia habari za dawa ya nanasi. Ipo, imetengenezwa kwa bromelaini kutoka kwenye shina la nanasi na inaitwa NexoBrid. Ulaya iliidhinishwa mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022, kwa majeraha ya moto ya kina. Hukaa juu ya jeraha kwa saa 4 tu, inaondoa ngozi iliyoungua kwa kasi ambayo kolajenesi haiikaribii, na maumivu yake ni makali kiasi kwamba mgonjwa huandaliwa dawa za kutuliza maumivu kwanza. Ni dawa ya wodi ya majeraha ya moto na haihusiani na kidonda cha mama.

Swali lako la pili, kuhusu kisu, lina jibu ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kwa kidonda cha mguu wa kisukari ambacho damu yake inatosha, kukwangua kwa kisu mikononi mwa mtu aliyefundishwa bado ndiyo njia ninayoipa nafasi ya kwanza, na sisemi hivyo kwa mazoea tu. Jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, linalojulikana kama IWGDF, lilishauri katika miongozo yake ya mwaka 2023 kwamba vimeng'enya visitumike kama kawaida badala ya kisu, likaacha mlango mmoja: pale ambapo hakuna mtaalamu au vifaa vya kukwangua, kolajenesi inaweza kufikiriwa. Mlango huo kwetu ni mpana, kwa sababu zahanati nyingi hazina mtu wa kazi hiyo, na huenda daktari wa mama aliandika marhamu akijua wazi kwamba safari ya kwenda hospitali kubwa kama Bugando, KCMC au Muhimbili si ya kila wiki. Muulizeni sababu. Akisema mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au hali yake ya moyo haimruhusu, au hakuna wa kumkwangua karibu, sababu hizo zina mashiko. Akisema tu kwamba dawa haina maumivu, mwambieni kwamba kwa mguu uliopoteza hisia kisu nacho mara nyingi hakiumi, na kazi ya wiki kadhaa za marhamu yaweza kumalizika kwa kikao kimoja kitandani. Mara nyingi njia hizi mbili hufuatana: mtaalamu anakata kile kinacholegea na kuchanja gamba, kisha kolajenesi inaendelea na kilichobaki kati ya kikao na kikao. Ikiwa bei ya marhamu inawashinda, muulizeni pia kuhusu jeli ya maji, ambayo huulowesha uchafu ili vimeng'enya vya mwili wenyewe vifanye kazi. Ni ya polepole lakini gharama yake kwa kawaida ni ndogo, na haigombani na vitu vingi.

Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009, wa wagonjwa 267 wenye vidonda vya miguu, uliolinganisha funza waliozalishwa maabara na jeli hiyo. Funza, ambao nao husafisha kidonda kwa kutema vimeng'enya vyao, walisafisha vidonda haraka zaidi kwa mbali, lakini vidonda vyao havikupona mapema kuliko vya wenzao waliopakwa jeli. Nauleta hapa ingawa vidonda hivyo havikuwa vya kisukari, kwa sababu familia huweka matumaini yao yote kwenye dawa ya kusafisha. Kisigino cha mama kikisafishwa kwa njia iliyo bora kuliko zote, halafu akaendelea kukikanyagia kwenda msalani na jikoni, nyama itakufa tena. Alale na mto chini ya muundi ili kisigino kielee hewani kisiguse godoro, na hospitali impatie kiatu maalumu au plasta ngumu ya kuondoa uzito. Sukari yake ipimwe na isimamiwe katika kipindi hiki kwa ukaribu kuliko kawaida.

Zipo dalili ambazo zikitokea msisubiri dawa iagizwe, msimpake chochote, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo: homa au kutetemeka, wekundu uliosambaa zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, harufu mbaya iliyoanza ghafla, ngozi inayotoa mlio wa vipovu ikibonyezwa, kidole kubadilika rangi na kuwa cheusi, au sukari kupanda bila sababu inayojulikana. Kuyeyusha nyama yenye maambukizi makali bila dawa za kuua bakteria kunaweza kuwaruhusu bakteria hao kuingia kwenye damu, hasa kwa mgonjwa aliyedhoofika. Vilevile daktari akigusa mfupa kwa kijiti cha kupimia kina cha kidonda, shauri limehama kutoka kwenye marhamu na kwenda kwenye picha ya eksirei na dawa za muda mrefu.

Mkiamua pamoja na daktari kuitumia kolajenesi, nunueni kwenye duka la dawa lenye kibali, na hakikisheni bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, tyubu ina tarehe ya mwisho ya matumizi na haijafunguliwa. Zinazouzwa mitandaoni na mtu asiyejulikana, hata zikiwa nusu bei, ziacheni. Katika siku za mwanzo kidonda kitaonekana kimelowa zaidi na pengine kikubwa zaidi, kwa kuwa kilichokuwa kimefunikwa kinafunuka, na hilo peke yake lisiwatie hofu. Nesi achore mzunguko wa kidonda kwenye nailoni safi inayoonyesha mara moja kwa wiki na kuandika tarehe. Sakafu ya kidonda ikishakuwa nyekundu, yenye chembechembe na isiyo na njano wala weusi, marhamu isimamishwe siku hiyo, hata kama tyubu haijaisha, kwa sababu haina tena kazi ya kufanya, na kidonda kifungwe kwa namna ya kukilinda kipone. Na ikiwa baada ya wiki 4 michoro hiyo haionyeshi kwamba eneo la kidonda limepungua kwa takriban nusu, ichukueni yote mrudi nayo kwa daktari, akaanze upya na kipimo cha damu ya mguu.